Je, Mwenye Kutazama Hachukui Kitu?

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo sisi walimu wa Kiswahili twaweza kuyajadili na wanafunzi wetu pasipo kuhitaji kitabu chochote, liko hili: mtu anayeingia katika makao ya kiumbe mwingine kwa nia ya kutazama tu, je, amechukua kitu? Wengi watajibu upesi kwamba hakuchukua. Mvuvi huchukua samaki, mwindaji huchukua nyama, lakini mtazamaji hurudi mikono mitupu. Hata wazamiaji wa burudani, wale wajifungao mitungi ya hewa mgongoni ili wakawazuru samaki na matumbawe, hufunzwa kanuni hiyo hiyo: usiguse, usiokote, usiache takataka. Katika makala haya tunakusudia kulipima jibu hilo, kwa kuwa laonekana jepesi kuliko lilivyo. Tutalipima kwanza hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, penye ziwa lenye tabia yake peke yake. Kisha tutashuka hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambako uzamiaji wa burudani una makao yake hasa.

Kwanza tufahamu uzamiaji ni kitendo cha namna gani. Mwanadamu hakujaliwa matamvua. Kwa kila mita 10 anazoshuka, maji humwongezea kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Akipanda upesi kupita kiasi, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini mwake hutoka kwa mapovu, nayo mapovu hayo yaweza kumlemaza au kumuua. Katika Ziwa Kivu mambo huzidi ugumu, maana uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari; hewa ya hapa ni nyepesi, na majedwali ya kupanda yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayafai mpaka yarekebishwe. Kwa hiyo mzamiaji ni mgeni kwa maana kamili ya neno. Hawezi kukaa, anaishi kwa akiba aliyokuja nayo, na akiusahau ugeni wake huhatarisha roho yake.

Na lau mgeni huyo angezamia hapa Gisenyi, angekuta nini? Asingekuta matumbawe wala kasa. Angewakuta sambaza, samaki wadogo wa jamii ya dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo ndio nguzo ya uvuvi wa ziwa hili. Usiku wavuvi huwafuata kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka ili kuwavuta samaki juu ya wavu, na nyimbo za wapiga makasia husikika hadi ufukoni. Lakini uhai huo wote umo katika tabaka la juu. Chini ya mita 60 au 70 hivi oksijeni huisha, na samaki nao huisha. Ziwa laendelea kushuka hadi zaidi ya mita 480, na katika vilindi hivyo mmeyeyuka hewaukaa yapata kilomita za ujazo 300 na methani yapata kilomita za ujazo 60. Mgeni wetu, kwa mtungi wake wa hewa, angekuwa ameona ngozi ya ziwa tu.

Jambo hili latufaa sana katika hoja yetu. Watetezi wa utalii wa chini ya maji husema kwamba asiyeona hapendi, na asiyependa halindi. Kwa hiyo, wasema, yatupasa kuwaruhusu watu wengi iwezekanavyo wakatazame, ili bahari ipate marafiki. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nasi hatuikatai. Wengi waliowahi kumwona kasa akila majani ya bahari hawawezi tena kulitazama gamba lake dukani kwa macho yale yale. Lakini Ziwa Kivu latufundisha kwamba wajibu hauanzii machoni. Tarehe 21 Agosti 1986 hewaukaa ililipuka ghafula kutoka Ziwa Nyos, nchini Kameruni, ikawaua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Kivu ni kubwa kuliko Nyos kwa mbali sana, na kandokando yake wanaishi watu wasiopungua milioni mbili, wa Rwanda na wa Kongo. Mwaka 2002, mlima Nyiragongo ulipotapika na ujiuji wa moto kupita katikati ya Goma hadi ziwani, wataalamu walikwenda mara moja kupima kama tabaka za chini zilikuwa zimetikisika. Mwaka 2016 mtambo wa kutoa methani ziwani ulizinduliwa huko Karongi ili kuzalisha umeme wa megawati 26. Watu hao wote wanalitunza jambo ambalo hakuna jicho lililoliona wala litakaloliona. Wanalijua kwa vipimo, kwa hesabu na kwa masimulizi ya wenyeji, ambao tangu zamani waliipa jina la mazuku ile hewa isiyo rangi wala harufu inayotulia mabondeni na kuua watu na wanyama. Basi twaweza kusema kwamba ujuzi waweza kuzaa ulinzi pasipo kutazama. Anayedai kwamba lazima atazame ndipo apende, huenda anautetea utamu wa kutazama.

Sasa twende pwani tuulize: je, huko mtazamaji hachukui kitu? Chukua mfano wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Zamani pomboo wa huko waliwindwa ili wawe chambo cha papa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wageni wakaanza kuja kuwatazama na kuogelea nao. Uwindaji ukakoma, na baadhi ya mashua za uvuvi zikageuka mashua za watalii. Hapana shaka kwamba pomboo aliye hai ana heri kuliko pomboo aliyekatwa chambo. Hata hivyo, watafiti waliochunguza mwenendo wa wanyama hao waliona kwamba mashua za wageni zinapowasonga, pomboo hupunguza muda wao wa kupumzika, wa kutafuta chakula na wa kukaa pamoja, wakazidisha muda wa kwenda huku na huko. Mtazamaji, basi, amechukua kitu. Hakuchukua nyama, amechukua usingizi, na chakula, na faragha ya mama na mtoto wake. Kwa kuwa vitu hivyo havionekani kapuni, yeye huenda zake akiamini kwamba kapu lake ni tupu.

Haimaanishi kwamba kila kutazama ni dhuluma. Katika kisiwa cha Chumbe, magharibi mwa Unguja, mwamba wa matumbawe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Uvuvi umekatazwa hapo, na wavuvi wa zamani walifunzwa kazi ya ulinzi. Malipo ya wageni wachache hugharimia hifadhi hiyo na safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa kujifunza. Na huko, ingawa mwamba ni mzuri ajabu, kuzamia kwa mitungi kwa ajili ya burudani hakuruhusiwi. Mgeni huelea juu na kutazama kwa miwani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Chumbe yatuonyesha kwamba methali hiyo yaweza kutimia, ila kwa sharti la mgeni kukubali kunyimwa baadhi ya yale anayoyataka.

Hapa ndipo twaufikia ugumu wenyewe. Mahali pengi ambapo maji hufungwa, anayefungiwa kwanza ni mvuvi, na anayefunguliwa ni mgeni mwenye fedha. Mvuvi huambiwa kwamba mwamba unahitaji kupumzika. Keshoye huona mashua ya wazamiaji imetia nanga pale pale alipokatazwa. Je, ni haki? Hapa Kivu, kila mwaka wavuvi wa upande wa Rwanda husimamishwa kwa muda wa miezi miwili hivi ili sambaza wazaane. Wengi wao ni watu wa kipato kidogo, na kwa miezi hiyo watoto wao hula kwa shida. Tunaweza kumwambia mvuvi kwamba kujinyima kwake ni wajibu, nasi tutakuwa tumesema kweli. Lakini hatuna uso wa kumwambia hivyo ikiwa mtazamaji hatakiwi kujinyima chochote. Maoni yetu ni kwamba kila anayefaidi maji, awe wa wavu au wa miwani, anadaiwa kipimo chake cha kujizuia, na yule anayefaidi kwa anasa anadaiwa zaidi kuliko yule anayefaidi kwa njaa.

Mtu aweza kutupinga akisema: mbona mnazungumza juu ya samaki kana kwamba wana nyumba na mlango? Na lugha yetu itusaidie kumjibu. Kiswahili hakikutupa neno moja tu la tendo la macho. Tuna kuona, jambo ambalo laweza kumtokea mtu pasipo kukusudia. Tuna kutazama, ambako kuna nia. Tuna kuchungulia, ambako kuna mlango uliofungwa. Tuna kukodoa, ambako adabu imekwisha. Kama kutazama kote kungekuwa kitu kimoja kisicho na lawama, wazee wasingehitaji kuyatenga maneno hayo. Na ada yetu yajulikana: ajaye mlangoni hupiga hodi, husubiri karibu, na akipiga hodi ya tatu pasipo kuitikiwa, hurudi zake bila kinyongo.

Samaki hawezi kusema karibu. Tukiifuata ada hiyo neno kwa neno, basi hakuna atakayezamia kamwe, wala atakayevua. Wengine watasema kwamba mkaaji wa pwani na amjibie samaki. Lakini mkaaji naye ana haja zake, na mara nyingine mwenye kukaribisha ndiye mwenye mashua ya kukodisha. Sisi twaona kwamba viumbe hawa hujibu, ila hawajibu kwa maneno. Pomboo anayegeuza njia kila mashua inapomkaribia amekataa. Kasa anayeacha kula na kukimbilia kilindini amekataa. Samaki anayejificha pangoni na kubaki humo amekataa. Na pomboo anayekuja mwenyewe kwenye mashua iliyozimwa mtambo, akazunguka, akakaa, huyo twaweza kusema amekaribisha. Mgeni mwema ni yule aliyejifunza kuisoma lugha hiyo kabla ya kushuka, na anayeondoka anapokataliwa hata kama amekwisha kulipa nauli. Huyo mwingine, asiyejua dalili hizo wala hajali kuzijua, hawezi kujitetea kwa mikono yake mitupu. Kosa lake liko katika kutojua alikokuchagua.

Ndugu walimu, wanafunzi wetu wengi wa Gisenyi hawatavaa kamwe mtungi wa hewa, na wengine hawataiona bahari. Swali hili, hata hivyo, ni lao kama lilivyo la mwenye mashua wa Kizimkazi. Wao huishi kando ya maji ambayo wageni huja kuyatazama, na pengine kesho watakuwa waongozaji, wavuvi, wenye nyumba za wageni au watunga sheria. Twapendekeza kwamba mwalimu aliulize swali hili darasani kama lilivyo, awaachie wabishane, kisha awatume kwa wavuvi wakaulize majina: majina ya samaki, ya pepo, ya mahali pa hatari, ya miezi ya kufungwa. Waandike kila jina na maana yake kwa Kiswahili, kando ya jina la Kinyarwanda. Kazi hiyo itawapa msamiati ambao kamusi zetu bado hazijaujumuisha wote, na itawafunza kulijua ziwa kabla ya kulionyesha kwa wengine.