Kodi Imeliwa Njiani: Nani Alipe?



Likizo iliyopita nilikuwa dukani kwa mjomba wangu hapa Mengo, nikimsaidia hesabu. Anauza vipuri vya magari. Aliweka ankara moja mezani, akaniuliza: "Huyu niliyenunua kwake amefunga duka ametoweka, na nasikia kodi hakupeleka. Nikiidai kodi hii, nitakuwa nimekula haramu?"

Tuelewe kwanza kinachodaiwa. Kodi ya ongezeko la thamani hapa Uganda ni asilimia 18. Mfanyabiashara aliyesajiliwa akinunua mzigo wa shilingi 10,000,000, humlipa muuzaji 11,800,000. Akiuuza kwa 12,000,000, humtoza mteja kodi ya 2,160,000. Hapo huondoa 1,800,000 aliyokwisha kulipa, akapeleka 360,000. Akinyimwa haki hiyo, faida yake ya 2,000,000 inabaki 200,000. Si jambo dogo kwa mwenye watoto shuleni.

Upande wa pili nao una hoja. Hazina ni mali ya umma, na ile 1,800,000 haikufika. Kumpunguzia mnunuzi ni kutoa kisichoingia. Tena yeye ndiye aliyemchagua muuzaji. India imefuata njia hiyo: sheria yake ya 2017 inataka kodi iwe imefika serikalini ndipo mnunuzi apate haki yake.

Kwangu mimi, swali ni hili: muuzaji alipopokea kodi ile, alikuwa wakili wa nani? Katika mlango wa zaka, mafakihi wametofautisha. Ukimpa zaka wakili wako akaipoteza, dhima bado iko shingoni mwako. Ukimpa mkusanyaji aliyewekwa na kiongozi, dhima imekutoka, hata ikipotea mikononi mwake. Kodi si zaka. Nachukua kanuni ya uwakala tu. Basi nani kamweka muuzaji huyu? URA ndiyo inayomsajili na kumpa namba, na asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Mjomba alichagua duka, hakuchagua mkusanyaji. Na Suratul An'am, aya ya 164, inatufundisha kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwenzake.

Lakini tusiishie hapo. Mwenye kushika amana halipi kilichopotea, ila akivuka mpaka au akizembea. Mnunuzi naye apimwe hivyo. Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya Kittel mwaka 2006, iliamua jambo la karibu na hili: mnunuzi aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba anashiriki udanganyifu wa kodi hupoteza haki yake. Bei ya chini kupita kiasi, ankara isiyo na mzigo, muuzaji asiye na ghala: mwenye macho ameona. Mfumo wa EFRIS nao unatuwezesha kuhakiki ankara. Hauthibitishi kwamba fedha zimefika hazina, lakini unaonyesha kama mauzo yameandikwa. Asiyehakiki asiseme hakujua.

Kwa hiyo nilimuuliza mjomba mambo matatu. Mzigo uliingia dukani? Uliingia. Ulilipa kodi yote, kwa bei ya sokoni? Nililipa. Ankara uliihakiki? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliihakiki wiki mbili baadaye. Ilikuwa sahihi."

Nikamwambia: naona ni haki yako, idai. Ila usifiche unayoyajua kuhusu muuzaji yule, maana kumficha mla mali ya umma ni kumsaidia. Na mara nyingine hakiki kabla ya kulipa. Wakikukataa, kata rufaa waziwazi, usijilipe mwenyewe kwa ankara hewa.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi. Kesho ndugu zetu wanaosomea uhasibu watakaa mbele ya daftari za watu, na bosi atawasogezea karatasi ya mzigo ambao haukuwahi kuingia. Atasema serikali imeshamdhulumu, naye anarudisha chake. Huenda kweli amedhulumiwa. Lakini kudai ulicholipa ni haki, na kudai usicholipa ni wizi, hata kama kiasi ni kilekile. Anayeandika ankara ile ni shahidi wake, na ataulizwa.

Wallahu a'lam.