Jicho la mnyama tunalitazama siku ya Idi tu?

Dumila ni mji wa njia panda. Anayetoka Morogoro kwenda Dodoma hupita hapo, na anayekata kushoto huelekea Kilosa. Sisi watatu tulishuka hapo siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, tukiwa tumetumwa na jamaa wa msikiti wetu wa Dar es Salaam kutafuta mbuzi wa udhiya, kwa kuwa bei za mjini zilikuwa hazishikiki.

Tulipelekwa kwa mzee mmoja wa Kimasai, nje kidogo ya mji. Mwenzetu mmoja, mtu anayejua fiqhi, akawa anawakagua mbuzi mmoja mmoja: meno, miguu, kisha macho. Akafika kwa beberu mmoja mnene, mzuri kuliko wote. Jicho lake la kulia lilikuwa jeupe kama maziwa. "Huyu ana chongo, hafai," akasema, akamsukuma pembeni.

Yule mzee akatutazama, kisha akasema kwa upole: "Ilianza kwa machozi tu, wakati wa nzi. Vijana wakamtia chumvi. Dawa ingemponya. Lakini ninyi, ndugu zangu, mwaka mzima siwaoni. Mnakuja siku moja, mnatazama jicho, mnaondoka."

Tulicheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakiguswa pabaya. Tukalipia mbuzi wengine, tukarudi barabarani kutafuta usafiri. Lakini maneno yale sikuyaacha Dumila.

Ndugu msomaji, mwenzetu hakukosea katika hukumu. Katika hadithi aliyoipokea al-Baraa bin Azib (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwataja wanyama wanne wasiofaa kwa udhiya, na mmoja wao ni mwenye chongo la wazi. Swali langu ni jingine. Je, dini inayotutaka tulikague jicho la mnyama siku ya kumchinja, haina la kutuambia kuhusu jicho hilo hilo siku lilipoanza kuuma?

Inalo. Abu Daud amepokea kisa cha ngamia aliyemwona Mtume (s.a.w.) katika bustani ya mtu mmoja wa Answari. Ngamia yule alilia, macho yakatiririka machozi. Mtume (s.a.w.) akamwendea, akampangusa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Alipojitokeza, alionywa amche Allah kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani anamshindisha njaa na kumchosha. Angalia mpangilio wake: kwanza machozi yalipanguswa, ndipo mwenye mali akaulizwa.

Wanachuoni walilifahamu hilo kuwa ni haki, si hisani. Izz bin Abdus-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipoorodhesha haki za wanyama juu ya wenye kuwamiliki aliweka wazi kuwa ni wajibu kuwagharimia hata wakizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Maneno haya yanatuhukumu sisi tunaopima kila kitu kwa faida. Mbuzi anatibiwa kwa sababu atauzwa. Ng'ombe anatibiwa kwa sababu ana maziwa. Paka je?

Nyumba nyingi za mjini zina paka wa kukamata panya, na nyingine zina mbwa wa ulinzi. Watoto wa paka hupatwa na mafua yao, macho yakajaa usaha, kope zikagandana, na wasiposafishwa na kupewa dawa mapema jicho laweza kupotea kabisa. Huko upande wa Mikumi kwenye mbung'o, mbwa anaweza kuambukizwa nagana, na moja ya dalili zake ni macho kuingia ukungu. Tunachosema sisi ni kimoja: "Ni paka tu. Ni mbwa tu."

Katika nchi tajiri mambo yamefika mbali. Marekani wapo madaktari wa wanyama waliobobea katika macho peke yake, na chuo chao cha kuwathibitisha kimekuwepo tangu mwaka 1970. Mbwa mwenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji kwa mashine za aina ile ile wanayofanyiwa binadamu, na gharama yake hufika maelfu ya dola. Msomaji atasema: huu si ndio israfu? Kongwa, mbele ya Dumila kwenye njia hiyo hiyo ya Dodoma, watu wamepofuka kwa trakoma, ugonjwa unaobebwa pia na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Iweje tuzungumzie jicho la paka?

Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Mwenye kutumia mamilioni kwa mnyama wake huku mama wa jirani amekaa gizani kwa mtoto wa jicho unaotibika, atakuwa na jambo la kujibu. Lakini tuwe wakweli. Je, ile fedha ambayo hatukuitumia kwa paka ilikwenda kwa mtoto wa Kongwa? Haikwenda. Mara nyingi anayesema "binadamu kwanza" hamfikii binadamu wala mnyama. Deni moja halifutwi kwa kulitaja deni jingine ambalo nalo halijalipwa. Na mnyama uliyemfungia ndani kwako hana pa kwenda kudai. Ndiyo maana yule mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie aliadhibiwa kwa ajili yake.

Basi wajibu uende kwa uwezo. Mwenye mnyama anaweza kulisafisha jicho kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, akapunguza samadi inayozalisha nzi, na akaacha kutia chumvi au tumbaku. Aache pia kutumia matone ya macho yaliyobaki ya binadamu bila kuuliza, kwani yenye dawa za steroidi hulidhuru zaidi jicho lenye kidonda. Kisha amwite bwana mifugo mapema, jicho likiwa bado linatoa machozi tu. Kwa tatizo kubwa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina hospitali ya wanyama, na kutoka Dumila si safari ya siku nzima. Na jicho lililokwisha kufa na bado linauma, daktari anaweza kuliondoa mnyama akapumzika. Hakuna katika hayo anachodaiwa mtu zaidi ya uwezo wake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima, lakini Muislamu hakupaswa kusubiri mwaka 2008.

Kwetu sisi wanunuzi wa mjini lipo jambo moja la kufanya. Tunachangishana fedha za udhiya wiki ya mwisho, tunakwenda kuchagua wazima na kuwaacha wagonjwa. Kwa nini tusiwaagize wafugaji mapema, miezi minne au mitano kabla, na katika mchango huo tukatenga kidogo cha kumlipa bwana mifugo alipitie kundi zima wakati wa nzi? Kundi zima, si wale watakaokuwa wetu tu. Tutapata mbuzi wenye macho, na mfugaji naye hatabaki na hasara ya ugonjwa uliokuwa na dawa.

Yule beberu wa Dumila hakufaa kwa udhiya yetu. Hilo halina ubishi. Lakini siku tuliyoondoka tukimwacha, alikuwa bado anatutazama kwa jicho lililobaki, na sina hakika kwamba katika ukaguzi wa siku ile kasoro ilikuwa kwake peke yake.

Wallahu a'lam.