Sifuri ya Uongo

Tuseme kisima kilikuwa Myanga, katika boma moja si mbali na reli iendayo Malaba. Kiangazi kilikausha maji, mzee mwenye boma akaita mafundi wawili, ndugu, wakichimbe zaidi. Kwanza ilibidi watoe maji ya tope yaliyosalia. Pampu ya petroli ikikaa juu haivuti maji ya kina kinachozidi mita 7 au 8, kwa hivyo waliishusha shimoni, wakaiketisha kwenye kidato cha udongo, wakaiwasha. Moshi wa injini ya namna hiyo, wenye gesi ya kaboni monoksidi, umeua wachimba visima wengi.

Hawa angalau walikuwa na kipimo cha gesi, cha kuazima. Mkubwa alikiwasha chini ya mwembe. Oksijeni asilimia 20.9. Kaboni monoksidi sifuri. "Shuka," akamwambia mdogo wake, "hewa ni safi."

Hewa ya chini ya mwembe ilikuwa safi kweli. Ila sensa ya kaboni monoksidi ilikuwa imekufa. Sensa za aina hii hufanya kazi kwa kemikali, nazo huchoka, nyingi baada ya miaka 2 au 3. Penye hewa safi, sensa iliyokufa husoma sifuri, na nzima husoma sifuri vilevile. Kwa kutazama kioo tu, huwezi kuzitofautisha. (Kwa mionzi ni kinyume: ardhi na anga hutoa mionzi kidogo kila mahali, hivyo kipimo cha mionzi kisichoondoka kwenye sifuri kinajishtaki chenyewe.)

Mdogo alishuka na kipimo, na kule chini king'ora chake, ambacho kingelia kwenye chembe 35 kwa milioni, kilinyamaza. Kamba ikalegea. Mkubwa akavua shati amfuate, mzee akamshika kiunoni: "Kijana wangu, ukishuka tutatoa wawili." Kwa bahati kamba ilikuwa imefungwa kifuani mwa mdogo. Ndiyo iliyomtoa hai.

Dakika 2 zingetosha kukiumbua chombo kile. Unakipulizia gesi ya mtungi wenye kiwango kinachojulikana, mathalani chembe 100 kwa milioni, baada ya kukagua tarehe ya mtungi, maana gesi nayo hupitwa na muda. Kikisoma karibu na 100 na kulia, ni kizima. Kikisoma 60, kirekebishwe kwa gesi hiyohiyo. Kisipopanda kabisa, sensa ibadilishwe. Jaribio hili hufanywa kila siku ya kazi, kabla mtu hajafunga kamba.

Fundi unayesoma haya, uwe Myanga, Bungoma au Kitale: ukiazima kipimo, azima na mtungi wake. Na pampu ya petroli usiishushe shimoni kamwe. Toa tope kwa ndoo, hata ikichukua siku nzima.