Ramadhani, Siku ya 17: Nafasi Moja, Dua Mbili



Ndugu zangu wa Nyololo, na nyote mnaotusoma mkiwa Mafinga, Makambako, Igowole na kwingineko, naamini mmefuturu salama. Mvua ya jana ilitupunguzia watu kwenye tarawehe, lakini alhamdulillah waliokuja walikuja.

Darasa la leo linatokana na swali la kijana wetu mmoja. Ni winga. Baada ya Idi anakwenda Mbeya kwenye majaribio ya timu, na ameshaambiwa kwamba watakaofika ni wengi na watakaochukuliwa ni wawili watatu. Akaniuliza hivi: "Ustadh, kila usiku naomba jina langu litoke. Sasa rafiki yangu naye anakwenda, naye ni winga. Nikiomba nichukuliwe mimi, si ndiyo naomba yeye aachwe?"

Usilione swali dogo hili. Wengi wetu tungemjibu haraka haraka: omba tu kijana, riziki ya Mungu ni pana. Ni pana kweli, hilo halina ubishi. Lakini nafasi ya winga wa kushoto ni moja. Na wewe unayesoma hapa, hata kama mpira huujui, swali ni lako. Umekwenda kwenye usaili wa ajira, watu mia kadhaa, nafasi nne. Unataka fremu ile iliyo jirani na njia panda ambapo malori yanasimama, na mwenzako anaitaka hiyo hiyo. Umepeleka posa, na mwingine yuko njiani na yake. Ukiinua mikono, unamwombea nani nini?

Mahali ambapo jambo hili linaonekana bila kificho ni kwenye mpira wa Marekani, ule wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira wenye umbo kama yai. Ligi yao ina timu 32. Kila mwaka timu zinachagua vijana waliomaliza vyuo, kwa zamu, raundi saba. Asiyetajwa jina katika raundi zote saba hajafungiwa mlango moja kwa moja. Anaweza kupigiwa simu aje kambini kujaribu, bila ahadi ya kubaki. Kambini wanaruhusiwa kuwa watu hadi 90 kwa kila timu, na msimu ukikaribia, mwishoni mwa Agosti, orodha lazima ishuke hadi 53. Piga hesabu mwenyewe: 37 wakiondoka katika kila timu, mara timu 32, ni watu 1,184 wanaofungasha mabegi. Kijana mpokeaji, yule ambaye kazi yake ni kukimbia mbele na kudaka, analala chumba kimoja na mpokeaji mwenzake, wanafundishwa na kocha mmoja, na wote wanajua kwamba pengine ni mmoja tu kati yao atakayebaki.

Jirani zetu wa Kenya wana mtu aliyepita humo. Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga, amecheza Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts ikamchukua hali hajawahi kucheza mchezo ule hata mechi moja. Hakuchaguliwa kwa raundi yoyote. Akaanza kwenye kikosi cha mazoezi, akajifunza mchezo mpya ukubwani, na Desemba ya mwaka huohuo akapandishwa na kuingia uwanjani. Wakenya wakashangilia, na walikuwa na haki. Lakini orodha ikishajaa watu 53, hapandi mtu bila mwingine kumpisha. Huyo aliyempisha naye ana mama. Pengine na mama huyo alikuwa anaomba.

Sasa tuingie kwenye dini. Tumefundishwa tofauti ya hasadi na ghibta. Hasadi ni kutamani neema imwondokee mwenzako. Ghibta ni kutamani upate kama aliyonayo bila yake kupungua, na hiyo inaruhusiwa. Mtu ana elimu, unatamani elimu kama yake, hakuna shida, kwa sababu elimu yako haimpunguzii. Kijana wangu lakini anajua maelezo hayo na bado hajaridhika, na nadhani hakosei kutoridhika. Kwenye nafasi moja, "kama yake" haipo. Ukiipata wewe, yeye kaikosa.

Mimi naona njia ya kutoka iko kwenye fiqhi ya biashara, mahali ambapo wengi hatukuwa tukiitafuta. Mtume (S.A.W) amekataza Muislamu kuingilia biashara ya ndugu yake iliyokwisha kukubaliwa, na amekataza kupeleka posa juu ya posa ya ndugu yake. Hapo hapo wanazuoni wameruhusu mnada, watu kumi wakitaka ng'ombe mmoja. Tazama vizuri. Ng'ombe ni mmoja katika hali zote mbili, na mmoja akimpata wengine wanamkosa katika hali zote mbili. Kwa nini huku ni haramu na kule ni halali? Kwa sababu kule bado mlango uko wazi kwa kila mtu, na huku kitu kimeshakuwa na mwelekeo wa mwenyewe, ukikichukua umemnyang'anya. Kwa hiyo sheria inajua kwamba dunia ina vitu vya mmoja mmoja, na haikutukataza kuvitaka. Imetuwekea namna ya kuvitaka.

Mkulima wa mahindi akiomba mvua wiki hii, na jirani yake aliyefyatua matofali akiomba jua, hakuna kati yao anayemchukia mwenzake. Jambo moja litatokea, mmoja atafurahi na mwingine ataumia, lakini katika moyo wa yule mkulima hamna tofali hata moja lililobomoka. Kutaka jambo, na kutaka madhara yanayoambatana nalo, ni vitu viwili, hata kama vitafika siku moja kwenye gari moja.

Utajuaje basi wewe umebeba kipi? Jipime hivi. Chukulia kocha wa Mbeya anatoka na karatasi, anasema: nimeongeza nafasi, nyote wawili nawachukua. Furaha yako inabaki ileile, au imepungua kidogo kwa kuwa na yeye yumo? Kile kipande kilichopungua, ndugu yangu, hicho ndicho hasadi, na kilikuwa ndani ya dua yako bila wewe kukiona.

Na kuna vipimo vya mikono pia, maana moyo hujidanganya. Umemwambia mwenzako saa sahihi ya kufika uwanjani? Amekuomba viatu vyako vya ziada, ukasema vimechanika na havijachanika? Kocha alipokuuliza habari zake, ukaguna mguno ule unaosema mengi? Ukitoa bahasha ili jina lako lipande, hapo umetoka kwenye mnada umeingia kwenye kunyang'anya, na Mtume (S.A.W) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Na nisiwafiche, kwenye mpira wetu huu wa Nyanda za Juu wapo wanaokwenda kwa mganga ili miguu ya mwenzao iwe mizito. Hiyo ndiyo dua ya kumwombea mtu akose, imevuliwa nguo. Achilia mbali kwamba ni shirki.

Wapo watakaosema: bora asiombe kabisa, aache qadari ifanye kazi. Hapana. Nabii Yusuf (A.S) mwenyewe aliomba kazi kwa mfalme, akataja na sifa zake: mtunzaji na mjuzi. Nafasi ile ilikuwa moja. Hakujidhalilisha na hakumsema mtu vibaya, alieleza anachoweza. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 32, tunakatazwa kutamani walichofadhilishwa wengine, na papo hapo tunaambiwa tumwombe Allah katika fadhila zake. Makatazo na amri ya kuomba vimekaa kwenye aya moja. Anayekukataza kuomba hajaimaliza aya.

Namna ya kuomba tumefundishwa kwenye istikhara: kama jambo hili lina kheri nami katika dini yangu na maisha yangu, nipe, kama lina shari, niepushe nalo, unipe kheri popote ilipo na uniridhishe nayo. Anayeomba hivi amekwisha kubali kwamba karatasi ya kocha inaweza kutoka bila jina lake.

Kuhusu hilo la kujua kheri iko wapi, yupo Muislamu mmoja wa ligi ileile ya Marekani, Husain Abdullah. Mwaka 2008 raundi zote saba zilipita bila kutajwa. Akaenda kujaribu kwa Minnesota Vikings, akabaki kwenye orodha, na baadaye akawa wa kikosi cha kwanza. Kambi za mwezi wa Agosti zilipoangukia Ramadhani alikuwa anafunga na mazoezi anafanya. (Vijana wa timu mnaofungua mchana eti kocha kasema, hili nimelipitisha tu.) Mwaka 2012, yeye na kaka yake Hamza, mchezaji pia, walikuwa hawana mkataba, wakaamua wasitafute timu msimu ule ili waende Hijja. Kwenye kazi ile, mtu wa umri wake akikaa nje mwaka mzima anaweza kusahaulika. Mwaka uliofuata Kansas City Chiefs wakamchukua. Tarehe 29 Septemba 2014 akadaka pasi ya Tom Brady, mtu mkubwa sana kwao, akakimbia nayo mpaka mstari wa mwisho, akasujudu. Mwamuzi akaiadhibu timu yake kwa sababu ya ile sijda. Kesho yake ligi ikasema haikustahili adhabu.

Kinachonigusa mimi katika habari yake ni ule mwaka wa 2012 kuliko hata sijda. Nafasi aliyoitolea jasho alipokuwa hana jina, aliweza kuiweka chini. Aliishika kwa mkono ulio wazi. Adongo yeye alikaa nje msimu uliofuata kwa majeraha, na 2015 timu ikaachana naye. Mlango aliouingia kwa shida kiasi kile ulifunguka muda mfupi. Sisemi kwamba jasho lake lilipotea. Nasema yule aliyempisha mwaka 2013 na yeye mwenyewe mwaka 2015 walifika kwenye meza moja.

Kijana wangu, na wote mnaosubiri karatasi ya aina yoyote mwezi huu: usijilazimishe kucheka usiku ule ukiachwa. Mtume (S.A.W) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi. Kuumia hakuna dhambi. Mpe mwenzako mkono, nenda nyumbani, lia kama kilio kipo, na siku tatu nne zikipita mpigie simu umuulize mazoezi yanaendaje.

Na usiku wa leo kwenye witri, mtaje kwa jina. Tumefundishwa kwamba ukimwombea nduguyo naye hayupo, malaika anaitikia amin na kukuombea wewe mfano wa hayo. Mwombee apate lile lile unalolitaka wewe. Ulimi utakuwa mzito mara ya kwanza. Rudia.

Wabillahi tawfiq. Kesho inshaAllah: fidia kwa mgonjwa asiyeweza kufunga. Wenye maswali mniletee mapema kabla ya alasiri.