Kikombe na Mizani

Kahama ni mji wa dhahabu na mpunga. Dhahabu hupimwa kwa gramu, na hakuna mwenye akili timamu atakayeiuza kwa kikombe. Nafaka na unga, mara nyingi bado ni debe, kisado na kikombe. Kwa nini tuwe wakali kwa kimoja na walegevu kwa kingine?

Swali hili lilinijia nyumbani kwa shangazi yangu, Nyahanga, anakopika maandazi ya kuuza. Miaka yote alipima kwa kikombe kimoja cha bati, na alilalamika kwamba maandazi hutoka laini leo, kesho magumu. Nikamnunulia mizani ndogo, tukakaa jikoni kupima.

Kikombe chake cha mililita 250 kilibeba maji gramu 250, lakini sukari gramu 200 tu. Unga wa ngano ndio ulionishangaza. Uliomiminwa taratibu na kusawazishwa kwa kisu ulikuwa gramu 120. Uliochotwa kwa kushindiliwa, gramu 150. Kwa vikombe 8, tofauti ni gramu 240, yaani vikombe viwili vizima! Kikombe ni kile kile. Mkono ndio uliobadilika.

Jioni jirani alirudisha unga aliokopa. Alikuwa amechukua kikombe kilichofurika, akaleta kilichosawazishwa. Alipoondoka nikanyoosha mkono kuivuta mizani.

"Acha, mwanangu," shangazi akasema. "Yeye alikopa kikombe, na kikombe amerudisha. Kile kilele nilikiweka mimi."

Nilinyamaza, lakini moyoni nilibishana naye. Je, mkulima anayeshurutishwa kuuza mazao yake kwa lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa juu ya mdomo wake, naye aambiwe anyamaze? Hasha! Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na inafanya vyema. Mnyonge hana ngao nyingine sokoni ila mizani.

Ndipo nikaona kwamba sisi wawili hatukuwa tumepingana. Kikombe huacha nafasi ndogo juu ya ukingo wake. Katika nafasi hiyo huingia wizi, na humo humo huingia wema. Mizani huufungia mlango wizi, na wema nao hubaki nje. Basi la kuuliza ni hili: nani anayekiweka kile kilele? Kikiwekwa na mwenye unga kwa hiari yake, ni ukarimu. Kikidaiwa na mnunuzi, ni dhuluma, hata kama desturi imekizoea. Na aliyetoa kwa hiari, kisha akaanza kukihesabu, amegeuza zawadi yake kuwa deni.

Shangazi bado anaitumia mizani. Kila alfajiri hupima unga wa maandazi kwa gramu, na maandazi yake sasa hayabadiliki. Unga wa kumkopesha jirani huupima kwa kikombe cha bati, na hukijaza mpaka kifurike.