Shairi ni la Nani?

Msomaji mpenzi, huenda umepata kutunga beti mbili tatu usiku, kabla ya taa kuzimwa, kisha ukazifungia ndani ya daftari kwa haya. Nakuuliza swali moja: shairi lililofichwa ni la nani?

Wako watakaojibu kuwa ni la mtungaji, naye ana hiari ya kulificha. Jibu hili lina haki ndani yake, kwani siri za moyo si bidhaa za sokoni. Lakini na tuwatazame waliotutangulia.

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane tena mgonjwa. Alimwita bintiye aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa mawaidha. Hakutunga apate sifa mbele ya washairi. Alitunga kama mama apikavyo, kwa kuwa yuko anayemngoja. Leo waweza kuyakubali baadhi ya mawaidha yake na kuyakataa mengine, ila huwezi kukana kwamba utenzi ule ulikuwa tendo la mapenzi.

Mtazame pia Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Vita vya mji wake, siasa, mapenzi na masihara, yote aliyatia katika mashairi. Hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Diwani yake ilitolewa mwaka 1940, miaka mia baada ya kufa kwake. Nani aliyeyatunza mashairi hayo? Ni watu walioyasikia, wakayapenda, wakayakariri, hata wengine wakayaandika. Pasi na masikio ya jirani, ulimi wa Muyaka ungalizikwa pamoja naye.

Basi shairi lina wenyewe wawili: anayelitoa na anayelipokea. Msikilizaji naye ana wajibu, maana kukumbuka vema ubeti wa mwenzako ni kuutunza usife.

Labda utasema, “Vina vyangu vimelegea, nitachekwa.” Jirani akikuletea uji, hupimi sukari kwanza, hushukuru kwanza. Tena mizani ikipungua, sikio la mwenzako litakuonya upesi kuliko jicho lako mwenyewe. Aibu ya kusahihishwa hupita kwa siku moja, bali ubeti uliofichwa hubaki na kosa lake milele. Lililo siri ya mtu mwingine, hilo pekee lifiche. Si mali yako.

Kwa hiyo, ewe kijana, usilingoje shairi katika chumba cha mtihani tu. Mtungie nyanya yako ubeti wa shukrani, umsomee jioni wakati kazi zimekwisha. Kariri ubeti wa rafiki yako, umrudishie siku atakapokuwa na huzuni. Usiseme kwamba wewe si malenga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.