Hawakumkuta na Kidonge Hata Kimoja

Kisa hiki nimekitunga. Nimekiweka Mpui kwa sababu Mpui iko barabarani kati ya Tunduma na Sumbawanga. Wageni hushuka kwenye basi, hununua mahindi ya kuchoma, humaliza shughuli zao na kuondoka bila mtu kuwauliza ukoo wao. Sheria zinazotajwa humu, hata hivyo, si za kutunga.

Kijana mmoja alikuwa na chumba cha fotokopi. Alichapa kadi za harusi na stika za bodaboda, akachonga mihuri ya mpira ya vikundi vya mikopo. Siku moja aliingia mgeni mwenye begi, akatoa pakiti ya dawa ya malaria na kuiweka mezani.

"Mdogo wangu, nataka boksi kama hili, lisitofautiane hata rangi. Na unichongee mhuri wa namba hizi." Kidole chake kilikuwa juu ya namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi.

"Lakini kaka, hii si dawa?"

"Ya dawa niachie mimi. Kazi yako wewe ni karatasi."

Wakakubaliana: nusu ya malipo papo hapo, na kijana apate chochote kwa kila boksi litakalouzwa. Kabla ya kuondoka, mgeni aliomba kuhifadhiwa mashine ndogo ya mkono ya kufyatulia vidonge, pamoja na kalibu mbili za chuma zilizochongwa herufi. Kijana akaviingiza stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, akarudi kwenye kadi zake za harusi.

Hapo ndipo wengi hujidanganya, wakidhani ubaya wa dawa bandia uko kwenye unga tu. Mama anayemshika mtoto mwenye homa usiku hana maabara. Anachoweza kukagua ni boksi. Mwaka 2009 dawa bandia ya malaria, Metakelfin, ilikutwa katika maduka 40 ya dawa nchini Tanzania. Kiambata chake kilikuwa pungufu ya kinachotakiwa, na bado ilikuwa imekaa rafuni pamoja na dawa nyingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila kumi za tiba ni duni au bandia. Malaria haimsubiri mtu agundue kosa. Mtoto amekwisha kumezeshwa, mzazi ametulia akiamini dawa inafanya kazi, na vimelea vinaendelea kuongezeka.

Rukwa, mkoa ilipo Mpui, ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupata maduka ya dawa muhimu, baada ya mpango wa maduka hayo kuanzia Ruvuma. Wauzaji wa maduka hayo walifundishwa kusoma pakiti kabla ya kumkabidhi mgonjwa: jina, kiwanda, bechi, tarehe. Katika kisa chetu, ni dada wa duka kama hilo aliyeshtuka. Kwenye pakiti halisi, tarehe imegandamizwa kwenye foili, ukipitisha ukucha unaisikia. Hii aliyoletewa ilikuwa laini. Akalowesha kidole gumba, akasugua, na tarakimu ya mwisho ya mwaka ikahamia kidoleni. Aliitoa pakiti ile rafuni, akampigia simu mfamasia wa wilaya.

Wakaguzi walifika na polisi kwenye chumba cha fotokopi. Kijana aliwasalimu kwa heshima, akawafungulia kila kabati.

"Wazee wangu, hamjanikuta na kidonge hata kimoja."

"Hatukufuata kidonge," akajibiwa. "Sogeza magunia."

Sheria ya Alama za Bidhaa ya Tanzania ya mwaka 1963 inahesabu kuwa ni kosa kutengeneza kalibu, bloku, mashine au kifaa chochote kwa ajili ya kughushi alama ya biashara, na pia kukaa nacho. Mfano wake ulitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1887. Marekani nayo iliandika hivyo kwa upande wa dawa mwaka 1965, ikataja hadi jiwe la kuchapia. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2008, iliwapa wakaguzi uwezo wa kukamata zana za kutengenezea na kufungashia bidhaa bandia. Naiunga mkono sheria ya namna hii kwa moyo wote. Vidonge vilivyokamatwa vimeisha, ila kalibu iliyobaki stoo Mpui inaweza kufyatua maelfu mengine wiki ijayo huko Laela.

Wapo wanaohofia kwamba fundi mwaminifu naye ataponzwa. Hofu hiyo ina msingi, na walioandika sheria ile ya 1887 waliiona. Waliweka mlango kwa fundi ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchonga vitu hivyo kwa ajili ya wengine: asiwe na faida inayotegemea mauzo ya bidhaa, awe amechukua tahadhari ya kutosha, asiwe na sababu ya kushuku, na akiulizwa aseme yote anayoyajua kuhusu aliyemtuma.

Kijana wetu aliujengea mlango huo ukuta kwa mikono yake. Alikubali fungu kwa kila boksi. Hakudai barua ya kiwanda wala kuuliza usajili wa dawa kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyorithi kazi hiyo kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019. Alishuku, ndiyo maana aliuliza kama ile si dawa, na ndiyo maana mashine ilikaa nyuma ya magunia badala ya mezani. Na walipomuuliza mgeni yule ni nani, alisema hamjui, wakati asubuhi ileile, aliposikia gari la polisi limeegeshwa kwenye duka la dawa, alikuwa ameifuta namba yake kwenye simu.